Sura ya Saba: Ini la Fundi Friji

Siku ambayo fundi friji alipimwa ini mara ya pili, Inspekta alikuwa ametoka kung'olewa jino, na nusu ya mdomo wake ilikuwa bado haijarudi kazini. Ganzi ilikuwa imekaa kwenye shavu la kushoto kama mgeni asiyejua kuaga. Akinywa maji, yalimtoka pembeni. Kwa hiyo aliacha kunywa. Akisema "fundi", ilitoka "fuddi", na fundi mwenyewe hakucheka, ingawa mtu yeyote mwenye afya ya kawaida angecheka.

"Hujatia kitu mdomoni?" Inspekta alimuuliza kwenye geti la hospitali.

"Hata mate sijameza vizuri."

"Tuedde."

Walikwenda. Lifti ilikuwa na karatasi ya "inatengenezwa" iliyokwisha kupauka, wakapanda ngazi.

Mambo yalikuwa hivi. Dada wa fundi aliharibikiwa ini, na katika ukoo mzima aliyefaa kumkatia kipande cha lake alikuwa fundi peke yake. Fundi akakubali. Akalazwa kwenye kitanda cha mashine, mashine ikasema ini lake ni gumu, halifai kukatwa. Muda wa kutafuta mtu mwingine haukuwepo. Dada akafa. Mazishi yalipokwisha, mume wa dada, kinyozi, alikwenda kituoni na kusema maneno ambayo Inspekta aliyaandika bila kubadili nukta: "Shemeji yangu aliogopa kisu. Alifanya ujanja ili aonekane mgonjwa. Mke wangu kafa kwa ujanja huo."

Ujanja gani? Kinyozi alikuwa na majibu mawili: ama fundi alikunywa pombe mpaka ini likakakamaa, ama alimtuma mlevi mmoja akalale badala yake.

Fundi alipohojiwa alijibu, "Andika unavyoona."

Kwa jibu la namna hiyo, mtu hujipeleka jela mwenyewe. Inspekta akithibitisha, faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na huyo ndiye atakayetafuta kosa lenyewe linaitwaje. Asipothibitisha kitu, fundi anabaki vile vile alivyo sasa: mtu aliyemuua dada yake, ila ushahidi umekosekana. Kwa mama yake hakanyagi. Shemeji, ambaye alikuwa akiishi humo na mkewe tangu ugonjwa uanze, alikwisha kusema: akiingia huyu, mimi natoka. Na mama hakusema ingia, wala hakusema toka.

Walianzia kwa daktari wa ini. Daktari alikuwa na kalamu ya kubonyeza, na aliibonyeza kila alipotaka kufikiri, tak, tak, hadi Inspekta akaanza kuhisi kama yeye ndiye anayehojiwa.

"Nieleze kama unamweleza mtu mwenye nusu mdomo," Inspekta alisema.

"Tulipima vitu viwili. Kwanza kazi ya ini. Hiyo tunaipata kwenye damu: linavyoitunza sukari, linavyotengeneza protini, linavyosafisha sumu. Damu ilichukuliwa siku moja kabla ya picha."

"Ikasemaje?"

"Safi. Ini la kuwaonyesha wanafunzi."

"La pili?"

"Ugumu. Hiyo kazi ya mashine. Ikatoa nane na nukta nne. Mtoaji tunamtaka chini ya saba."

"Basi kuna mmoja hapo mwongo. Damu au mashine."

Tak, tak. "Si lazima. Makovu kwenye ini huanza kimya kimya. Ini linaweza kuwa gumu na likaendelea kuchapa kazi miaka mingi bila mtu kujua. Ugumu hutangulia, kazi huharibika baadaye. Kwa hiyo tulipoona kazi nzuri na ugumu mbaya, tuliamini ugumu."

"Pombe ya usiku mmoja inaweza kufanya hivyo?"

"Ya usiku mmoja, hapana. Ya miaka, ndiyo, lakini ya miaka damu ingelia."

"Na makovu yakishakuwepo, yanaweza kuondoka ndani ya mwezi?"

"Labda kwa maombi."

"Kwa nini hamkurudia kipimo?"

Kalamu ilinyamaza. "Foleni ya mashine ilikuwa ndefu," daktari alisema. "Na mgonjwa hakuwa na siku."

Inspekta hakuuliza tena. Pombe alikwisha kuiondoa. Kilichobaki mezani ni mtu wa bandia.

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Mpimaji alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye sweta juu ya koti jeupe, yule yule aliyempima fundi mara ya kwanza.

"Unamkumbuka huyu?" Inspekta alimuuliza.

Mpimaji alimtazama fundi usoni, akatikisa kichwa. "Afande, mimi naangalia mbavu. Sura sizijui. Avue shati kwanza."

Fundi alivua shati, akapanda kitandani, akainua mkono wa kulia juu ya kichwa kabla hajaambiwa.

"Sijala, sijanywa chai, sijanywa hata maji," alisema akitazama dari.

"Pole pole, baba, nilikuwa sijakuuliza." Mpimaji alimpaka mafuta ya baridi ubavuni. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi friji."

"Mungu ana watu wake! Langu linatoa maji chini, sakafu nzima bwawa."

"Tundu la nyuma limeziba. Mwagia maji ya moto."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Inspekta kumsikia akizungumzia kazi yake tangu faili lifunguliwe.

Mpimaji aliweka kidude kati ya mbavu mbili. Kidude kikagonga, tk, kikasubiri, kikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi bila nia ya kuingia. Kila kilipogonga, mstari ulichorwa kwenye kioo.

"Kikigonga, kinatuma wimbi ndani," mpimaji alieleza, maana Inspekta alikuwa amesogea hadi karibu kuivunja shingo. "Ini laini, wimbi linajikokota. Ini gumu, wimbi linakimbia. Sisi tunapima mbio zake tu."

Aligonga mara kumi. Halafu akanyamaza, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ushahidi tosha.

"Ngapi?"

"Tano na nukta moja."

"Maana yake?"

"Laini. La mtoto wa shule." Aligeuka kwa fundi. "Ulipewa dawa gani?"

"Hakuna."

Inspekta alijifuta pembe ya mdomo kwa leso. Hapa ndipo mtu mwingine angefunga faili, akaenda kumtafuta mlevi aliyelala badala ya fundi. Mara ya kwanza ini gumu, leo ini laini, makovu hayaondoki kwa mwezi: basi maini ni mawili na watu ni wawili. Ilikuwa hesabu nzuri. Ila Inspekta hakuipenda, kwa sababu ilikuwa imejipeleka yenyewe.

"Picha za siku ile bado zimo humu?"

"Zimo."

"Lete ya siku ile, na ya leo, uziweke pamoja. Kuna alama yoyote ambayo watu wawili hawawezi kufanana nayo?"

Mpimaji alileta picha, akazikodolea macho. Kwa Inspekta zote zilikuwa mawingu ya kijivu juu ya mawingu ya kijivu. Kisha kidole cha mpimaji kikasimama.

"Hiki hapa. Kifuko cha maji. Wengine huzaliwa nacho, hakina shida." Kilikuwa kitone cheusi, kama harage, kimeegemea mshipa. Kidole kikahamia picha ya zamani. Harage lile lile, mshipa ule ule, na hata namna lilivyoegemea ni ile ile. "Ni yeye, afande. Hapa utaapa hata mahakamani."

Kwa hiyo mtu wa bandia naye akafa. Fundi alikuwa akifunga vifungo vya shati taratibu, kimoja kimoja, kama aliyeazimwa shati hilo.

"Mtu mmoja," Inspekta alisema. "Ini moja. Damu haikuona ubaya wowote. Kilichobadilika ni ugumu tu, kikaja na kikaondoka. Ni nini kinachoweza kulikaza ini kwa muda?"

"Moyo ukichoka, damu ikarudi nyuma. Homa ya ini, na huyu hana. Na kula."

"Kula?"

"Chakula kikishuka, damu nyingi inakimbilia kwenye ini. Sukari ipokelewe, mafuta yapokelewe, kila kitu kigawiwe. Ini linajaa, linakaza. Si ugonjwa huo, ni kazi. Limo kazini. Ukilipima wakati huo utadhani lina makovu. Ndiyo maana mtu lazima aje hajala."

"Na yeye siku ile?"

"Nilimuuliza. Namuuliza kila mtu: umekula? Akasema hajala. Angesema amekula ningemrudisha."

"Fundi?"

"Sikula," fundi alisema. "Ni kweli."

Alisema kweli. Inspekta alikuwa amewasikia waongo wengi, na waongo huongeza chumvi. Huyu hakuongeza hata punje.

"Basi kama mmemaliza," mpimaji alisema akikunja waya, "naomba nikatafute chochote cha kutia tumboni. Toka asubuhi sijala."

Inspekta alitazama meza iliyokuwa nyuma yake. Palikuwa na chupa ya chai, kikombe chenye alama ya midomo, kipande cha mkate kilichong'atwa, na maganda ya mayai kwenye kisahani.

"Na hivyo je?"

"Vipi?"

"Hivyo mezani."

Mpimaji aligeuka, akaona, akacheka. "Aa, afande nawe! Hicho si chakula. Nilikunywa chai tu."

Kicheko kilikwenda kidogo, halafu kikakatika.

Inspekta alisema, pole pole, kwa mdomo wake mbovu, "Umekula?"

"Sijala," mpimaji alijibu.

"Umekunywa chai?"

"Ndiyo."

"Na mkate. Na mayai."

Mpimaji alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, juu ya karatasi, palipokuwa bado na joto la fundi. "Wote nawauliza hivyo," alisema. "Umekula. Wote. Miaka yote." Alitazama mlango, kule nje ambako benchi la wanaosubiri lilikuwa limejaa. Hakulia, wala hakuonekana kama mtu anayetaka kulia. Alishika kidude cha mashine akakifuta, ingawa alikwisha kukifuta.

Inspekta alimtoa fundi hadi kwenye ngazi. Ganzi ilikuwa inaanza kuondoka na badala yake maumivu yanachukua zamu.

"Leo kabla mpimaji hajakuuliza ulisema hujala na hujanywa chai. Chai umeitaja mwenyewe. Nani alikufundisha?"

Fundi alishika chuma cha ngazi. "Nilikwenda zahanati moja ya kulipia. Baada ya kuzika. Nilitaka kujua na mimi nakufa lini. Pale wakauliza vyote: umekula, umekunywa chai, umetafuna hata pipi? Nikasema chai nimekunywa. Wakanifukuza, wakasema rudi kesho mkavu. Nikarudi. Wakanipima. Wakaniambia nina ini zuri."

"Ukaelewa."

"Nikaelewa."

"Sasa kwa nini husemi? Shemeji yako anakuita muuaji, mtaa mzima unakuita muuaji, mimi nakuita kila wiki. Unasema andika unavyoona!"

"Ile chai nilipikiwa."

"Na nani?"

Inspekta alisubiri. Watu wawili walipita wakishuka na mzee kwenye kiti, wakawabana ukutani, wakapita.

"Nilikwenda kulala kwa mama," fundi alisema hatimaye, "ili asubuhi tutoke wote. Akanipikia. Afande, mwache yule. Kashazika mmoja. Niandike mimi."

"Nikuandike nini?"

"Chochote. Andika pombe."

"Pombe imeshakufa, nimeizika mwenyewe kwa daktari. Mlalamikaji lazima aambiwe matokeo. Ndiyo utaratibu."

"Basi tutakwenda wote."

Nyumba ya mama ilikuwa na mlango wa mbele ulio wazi, na kinyozi amekaa kizingitini juu ya kigoda, miguu kainyosha mpaka upande wa pili. Mtu wa kuingia angepaswa kuiruka. Ndani, mama alikuwa akifuta friji. Friji lenyewe lilikuwa limekufa. Lilisimama wazi, ndani limepangwa sufuria na kopo la chumvi kama kabati. Fundi alibaki uani.

"Afande karibu," kinyozi alisema. Hakumsalimia fundi. Miguu haikusogea.

Inspekta alizungumza akiwa amesimama. "Nimemaliza. Ini la shemeji yako ni zima. Aliyepimwa siku ile ni yeye mwenyewe, tumelinganisha picha. Pombe haihusiki. Mashine ilisoma ugumu wa muda, na hospitali haikurudia kipimo. Tena haikuuliza swali sawasawa."

"Swali gani?"

Inspekta alikohoa.

"La pombe," fundi alisema kutoka uani. "Afande ananifichia tu. Nilikunywa. Hawakuuliza, nami sikusema. Basi."

Kinyozi alisimama. Alikuwa na mikono laini ya kazi yake, na sasa ilikuwa imekunjwa. "Rudia."

"Nilikunywa pombe."

"Saa ngapi?"

Aliyeuliza alikuwa mama. Hakugeuka. Kitambaa kiliendelea kwenda na kurudi kwenye rafu.

"Usiku, mama."

"Usiku ulilala kwenye kochi hilo. Shuka nilikufunika mimi."

"Asubuhi basi."

"Asubuhi tulitoka wote. Nimekushika mkono mpaka mlango wa mashine, na wewe mtu mzima una ndevu. Pombe uliinywea wapi? Mfukoni?"

Kinyozi alitazama huku, akatazama kule, akakaa tena.

Mama alimgeukia Inspekta. "Swali gani hawakuuliza, mwanangu?"

Kwa maswali ya namna hii Inspekta alikuwa na sentensi yake ya kiofisi, upelelezi unaendelea, na ilikuwa imewahi kumwokoa mara nyingi. Fundi alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa kidogo sana.

"Walimuuliza kama amekula," Inspekta alisema. "Akasema hajala."

"Ni kweli, hakula. Alikunywa chai tu."

Inspekta alijifuta mdomo kwa leso.

"Alikunywa chai tu," mama alirudia, na safari hii maneno yalitoka polepole zaidi, moja baada ya jingine. "Na mkate. Na mayai." Alikiweka kitambaa juu ya friji. "Ilikuwa na ubaya?"

"Haina ubaya, mama," Inspekta alisema. "Ila mtu akishakunywa, ini linaanza kuishughulikia. Linajaa, linakaza. Baada ya muda linalegea. Mashine ililikuta katikati, ikadhani ni ugonjwa."

"Kwa hiyo lilikuwa linafanya kazi."

"Ndiyo."

"Ini lake zima, linafanya kazi."

"Ndiyo, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Uso wake haukubadilika. Alichukua tena kitambaa, akarudi kwenye rafu ile ile, akaanza kuifuta.

"Niandike mimi basi," alisema huku ameinamia friji.

"Mayai nilinunua mimi," kinyozi alisema.

Alisema chini sana, Inspekta ikabidi amgeuzie sikio.

"Mama alitaka kumpa chai kavu. Mimi nikasema, mtu anakwenda kutoa ini, atatoka na njaa? Nikaenda dukani." Alikuwa akitazama mikono yake, ambayo sasa ilikuwa imekunjuka. "Nilimwekea na chumvi. Afande, ile karatasi yangu kule kituoni…"

"Utakuja kesho. Unaandika kwamba unaondoa malalamiko, unatia sahihi."

"Na hospitali?"

"Hilo ni faili jingine. Nitalifungua mimi."

Kinyozi alikubali. Hakumwangalia fundi. Aliivuta miguu yake, mmoja, halafu wa pili, akaikunja chini ya kigoda, na mlango ukabaki wazi.

Fundi alisimama uani kwa kitambo. Halafu akaingia. Hakukuwa na mahali pa kutazama humo ndani ambapo hapakuwa na mtu anayeumia, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja nyuma ya friji, akapiga magoti, akapapasa waya.

"Limekufa tangu lini?" aliuliza akiwa huko huko nyuma.

"Tangu tulipokufukuza," mama alisema.